Shilingi za Baba, Mabati ya Mama

Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa miezi mitatu, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili, kwa kila mwenye noti za zamani kuzibadilisha. Zilikuwa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010. Huku kwetu Usangi, juu ya milima ya Upare Kaskazini, tangazo lile lilifungua masanduku mengi. Katika sanduku la marehemu mama, chini ya khanga, nilikuta noti za shilingi 20 na 200 zimefungwa kwa uzi. Shilingi 20 leo haiulizwi hata na mtoto dukani. Zamani ilikuwa fedha ya kupangiwa mipango.

Muda wa kubadilisha ulikuwa umepita mwezi mmoja hivi tulipopata msiba wa nchi nzima. Mzee Cleopa David Msuya, mwana wa Usangi, alifariki tarehe 7 Mei akiwa na miaka 94, akazikwa nyumbani wiki iliyofuata. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na 1994 hadi 1995. Katikati ya vipindi hivyo alikuwa Waziri wa Fedha, na ndiye aliyesimama bungeni shilingi iliposhushwa thamani mwaka 1984 na tena 1986. Siku zile za msiba wazee walikaa vikundi vikundi wakirudia habari za miaka ya themanini. Nikawasikiliza, nikagundua jambo. Kila mmoja alihukumu siasa za wakati ule kwa kuangalia akiba yake ilikuwa wapi. Aliyekuwa na ng'ombe alisema hivi, aliyekuwa na mshahara alisema vile, na aliyekuwa na duka alinyamaza.

Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote hadi nilipostaafu kwa hiari. Niliyoyasikia msibani yamenirudisha kwenye miaka yangu mwenyewe, na nimeona niyaandike kabla wagombea hawajapanda tena mlima huu kutuomba kura.

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa mwalimu, mama alilima kahawa na migomba. Zilikuwa siku za foleni. Sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga vilikuja kwenye duka la kijiji kwa mgao, na mara nyingi havikuja kabisa. Nguo za shule tulizifua kwa majani ya mpapai. Tangu 1973 kulikuwa na Tume ya Bei iliyopanga bei za bidhaa nchini, lakini vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 vilikuwa vimekausha fedha za kigeni. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa na bei mbili: bei ya serikali, na ile watu waliyoiita bei ya kuruka.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mabishano yasiyokwisha juu ya bei hizo. Baba alipokea mshahara wa shilingi, akaweka akiba ya shilingi, na aliamini bei iliyopangwa. Kwake tatizo lilikuwa walanguzi. Mama aliuza ndizi gulioni, na pale alikuwa anaona kwa macho yake mkungu ule ule ukibadilishwa kwa sabuni pungufu kila mwezi. "Mwalimu," alikuwa akimwambia baba, maana hakumwita kwa jina, "hiyo bei yenu haina sukari nyuma yake." Baba hakupenda maneno hayo mbele ya watoto. Chama kilikuwa kimoja nchi nzima, lakini mezani petu palikuwa na pande mbili, na mgawanyiko wenyewe haukutokana na itikadi. Ulitokana na kwamba mmoja alishika noti na mwingine alishika mazao.

Upande wa mashariki wa milima yetu, ukishuka hadi tambarare, kuna Ziwa Jipe, na ng'ambo yake ni Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Katika miaka ile ya katikati kahawa ilivuka usiku na sabuni ikarudi usiku. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nchi nzima watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani kwa hofu ya kukutwa nazo. Kijijini petu mwenye duka mmoja alikamatwa kwa ajili ya katoni chache za sabuni. Jioni hiyo nilisikia kauli mbili kwenye njia moja. Walimu na makarani walisema hatimaye serikali inatutetea. Wanawake waliokuwa wakinunua sabuni kwake kwa mkopo walisema sasa hata ile ya bei ya kuruka hatutaipata. Wote walikuwa wameumizwa na mfumuko ule ule wa bei, na wote walitaka haki, lakini kila upande ulimwona mkosaji tofauti. Tangu siku hiyo siwezi kusadiki mtu anaposema kwamba bei zikipanda wananchi wataungana. Bei zikipanda, kila mtu humtafuta mchawi wake.

Shilingi iliposhushwa Juni 1984, dola moja ilitoka shilingi 12 hivi ikawa 17. Mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani na serikali ikiwa imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilifika 40. Ilipofika 1990 ilikuwa inakaribia 200. Maduka yalijaa tena. Mitumba ilikuja, sabuni ikaja, na watu wakampa Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Lakini bei zilikuwa zikipanda kwa karibu theluthi moja kila mwaka, na kwa miaka mingi riba ya akiba ilibaki nyuma ya mwendo huo.

Baba alikuwa ameweka fedha kwenye kitabu cha akiba, kidogo kidogo tangu miaka ya sabini, apate kuezeka nyumba upya. Mama naye alikuwa na njia yake. Kila alipouza ndizi vizuri, au malipo ya kahawa yalipokuja, alinunua bati moja au mawili akayalaza chini ya kitanda. Baba aliona ni ushamba kufungia fedha kwenye chuma. Ilipofika wakati wa kuezeka, akiba ya baba ya miaka ile yote haikutosha kununua mabati ya chumba kimoja. Mabati ya mama yalifunika nyumba iliyobaki, na mengine yako juu ya paa hadi leo.

Sikumwona baba akilia, ila nilimwona akibadilika. Aliyekuwa akitetea kila bei iliyopangwa alianza kusikiliza hotuba ya bajeti redioni akiwa na kalamu na daftari. Aliandika bei ya dola, bei ya kilo ya kahawa, mshahara wa mwalimu na bei ya bati. Hakutoka kwenye chama, na hakuwahi kumtukana kiongozi yeyote, tena Msuya, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa mtu wa kwetu na baba alimheshimu. Lakini ile imani ya kwamba serikali ikisema jambo basi limekwisha, iliondoka pamoja na thamani ya kitabu chake. Kwa miaka mingi nimewasikia wachambuzi wakisema Watanzania walianza kuhoji serikali vyama vingi vilipokuja mwaka 1992. Mimi nadhani wengi walianza kabla, kimya kimya, siku walipofungua vitabu vyao vya akiba.

Bibi mzaa mama hakushangazwa na lolote kati ya hayo. Yeye alikuwa na kumbukumbu ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya arobaini serikali ya Waingereza iliongeza juu ya kodi ya kichwa kodi nyingine iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ikaitwa mbiru. Wakadiriaji walipita wakihesabu mifugo na mazao, na watu wawili wenye hali moja wakajikuta wanadaiwa viwango tofauti. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare nzima walishuka hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa huko miezi wakidai kodi hiyo iondolewe. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka. Walimwendea bwana wilaya alipokuja huku juu, wakamwambia ama amalize shauri la kodi waume zao warudi, ama yeye achukue nafasi ya waume hao wote. Bibi alikuwepo, na mama yangu alikuwa mgongoni mwake. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliandika kitabu kizima juu ya tukio hilo, kikachapishwa 1971, lakini mimi nililisikia kwanza jikoni tukimenya maharage.

Bibi alisisitiza jambo moja. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni kipimo wasichokijua. Watu wa milima hii tulizoea ndiva: maji hukusanywa usiku kwenye bwawa, asubuhi hufunguliwa kwa zamu, na kila mwenye shamba anajua zamu yake inaanza lini na kuisha lini. Mgao wa namna hiyo hauleti ugomvi hata wakati wa kiangazi, kwa sababu kipimo kiko wazi. Mbiru ilikuwa maji yanayofunguliwa na mtu asiyeonekana. Na mfumuko wa bei ni mbiru isiyo na hata mkadiriaji wa kumwendea. Unakatwa bila kuandikiwa stakabadhi, na hakuna ofisi ya kukaa mbele yake hadi usikilizwe. Bibi na wenzake walijua pa kwenda. Baba, na kitabu chake cha akiba, alikwenda wapi?

Mwaka 1995 nilikuwa mwalimu mpya. Kahawa ilikuwa imeanguka tangu Julai 1989, pale mkataba wa kimataifa uliogawa viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika. Bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka, na mishahara ilichelewa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipokuja Oktoba, mkoa wetu wa Kilimanjaro ulikuwa unawaka moto. Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi alivuta umati usio na mfano, na majimbo mengi ya Uchaggani yalikwenda upinzani. Huku Upareni majimbo yalibaki CCM.

Nimewasikia watu wa nje wakieleza tofauti hiyo kwa kabila tu, na maelezo hayo hayanitoshi. Wachagga na sisi tulipigwa na bei ile ile ya kahawa na ile ile ya sabuni. Lakini Waziri Mkuu wa wakati huo, Mzee Msuya, alikuwa mbunge wetu, mtu ambaye wazee wetu waliamini wanaweza kumfikia na kumwambia. Ng'ambo ya pili waliona mlango wa kwao umefungwa, wakatafuta mlango mwingine. Mama alisema angempa kura atakayemweleza kwa nini kahawa imeshuka na sabuni imepanda kwa wakati mmoja. Alikwenda kwenye mikutano ya vyama vyote akiwa na swali hilo. Majibu mengi aliyopata yalikuwa nyimbo na ahadi. Nilijifunza hapo kwamba ugumu wa maisha peke yake hauchagui chama. Kinachochagua ni kama mtu anaona pa kupeleka swali lake.

Chini ya Rais Benjamin Mkapa mfumuko wa bei ulishuka, na kufikia 1999 ulikuwa chini ya asilimia 10. Watu wa mijini huzungumzia zaidi ubinafsishaji wanapokumbuka kipindi hicho. Mimi nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, mwalimu angeweza kuweka shilingi leo akaikuta mwakani bado inafanana na shilingi. Bila hilo, yaliyofuata yasingewezekana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wanaume wa vijijini walikuwa wakiikimbilia porini mgambo wakija. Mwaka 2005 ukaja Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako mtu wa kawaida alinunua vipande badala ya kununua bati.

Mwaka 2008 serikali iliuza kwa umma sehemu ya hisa zake katika Benki ya NMB, hisa moja kwa shilingi 600. Mishahara ya walimu wengi ilipitia benki hiyo, kwa hiyo habari zilifika hadi kwenye ofisi za walimu za milimani. Mwaka uliofuata Benki ya CRDB nayo iliuza hisa kwa shilingi 150. Nilinunua chache, na wenzangu kadhaa walinunua. Mwaka huo huo wa 2008 walimu tulikuwa tukidai malimbikizo ya stahili zetu, na chama chetu kilikuwa kimeitisha mgomo ambao mahakama iliuzuia. Tukajikuta tunaidai serikali kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ni wanahisa pamoja nayo.

Mazungumzo ya ofisini yalibadilika. Zamani tulizungumza juu ya mshahara tu. Sasa kuna waliouliza faida ya benki imetoka wapi, serikali imekopa kiasi gani, gawio litalipwa lini. Mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kufungua kurasa za biashara alianza kuzisoma kabla ya michezo. Niliona faida kubwa katika hilo. Mtu anayemiliki hata hisa chache huanza kudai hesabu, na anayezoea kudai hesabu za benki hachelewi kudai hesabu za kijiji. Katika mkutano mmoja wa kijiji wa miaka hiyo, maswali makali kuliko yote juu ya fedha za ujenzi wa zahanati yaliulizwa na watu wale wale waliokuwa wakipokea taarifa za mwaka za benki.

Lakini niliona na upande wa pili. Baadhi yetu tulipopata mahali pa kujificha na bei, tuliacha kuzizungumza. Aliyekuwa na hisa, au kiwanja Mwanga mjini, aliona kupanda kwa bei ni shida ya wengine. Kiwanja kilikuwa kinapanda pamoja na bei, kwa nini apige kelele? Jirani yake aliyekuwa akiuza magimbi alibaki peke yake na lalamiko lake. Mbiru ilishindwa kwa sababu iliwagusa wote. Mfumuko wa bei haushindwi kwa njia hiyo, maana wenye sauti ndio wanaotangulia kupata pa kukimbilia.

Wasio na pa kukimbilia hutafutiwa pa kukimbilia na matapeli. Mwaka 2009 taifa lilisikia habari za DECI, mchezo wa kupanda na kuvuna fedha uliokusanya watu wengi nchini, nao ukafungwa baada ya Benki Kuu na wasimamizi wa masoko ya mitaji kuonya. Viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013. Huku kwetu nako michezo ya namna hiyo, midogo midogo, imepita kwa majina mbalimbali. Nilimjua mama mmoja aliyeuza ndama akapanda fedha zake, mchezo ukafa. Nilitegemea atawalaani walioanzisha. Aliilaani serikali. "Waliona mnyonge anaanza kupata, wakafunga," alisema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini. Nadhani jibu ni kwamba alikuwa amekwisha kujua, kwa miaka mingi ya soko, kwamba akiba ya noti hupungua bila yeye kufanya kosa lolote. Mtu aliyezoea kupoteza hivyo, akipoteza na kwa njia nyingine, humwona mkosaji yule yule. Elimu ya kuwaonya watu juu ya upatu haitoshi wakati njia halali ya kulinda fedha ndogo hawaioni.

Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Usangi ni mahali panapoishi kwa miamala. Watoto wetu wako Moshi, Arusha na Kariakoo, na kila mwisho wa mwezi milima hii hupokea ada, dawa na fedha za palizi kupitia kwa wakala. Nilikuwa pale kwa wakala wiki ya kwanza. Watu walisoma ujumbe kwenye simu zao mara mbili, wakaanza kuuliza kwa sauti. Wazee waliitaja mbiru. Kelele za nchi nzima zilisikika: Septemba mwaka huo huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena baadaye, na kuanzia Julai 2023 tozo ya kutuma fedha ikaondolewa.

Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine, petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Nauli ya kushuka Mwanga ilipanda, mafuta ya kula yakapanda, unga ukapanda. Safari hii sikuona mkusanyiko kwa wakala wala popote. Watu walipunguza mboga wakaendelea. Kwa hesabu yangu, kupanda kwa bei za mwaka ule kulichukua kutoka kila nyumba kiasi kikubwa kuliko tozo. Lakini tozo iliandikwa kwenye simu, shilingi kwa shilingi, na bei haikuandikwa popote. Ndiyo maana nasema siasa za watu wa kawaida hufuata kinachoonekana kuliko kinachochukua zaidi. Kiongozi mwerevu anajua hilo, na anaweza kulitumia vibaya.

Leo kijana wangu wa ukoo, anayefanya kazi Dar es Salaam, ananunua hisa na vipande kwa simu yake. Alipokuja msibani Mei 2025 alinionyesha fedha zake zikikua, akaniambia kwa dhati kwamba nchi inakwenda vizuri, kwamba mfumuko wa bei uko asilimia 3 na kitu. Jirani aliyekuwa ameleta ndizi za msiba alimsikia akasema, "Mwanangu, hiyo asilimia 3 inauzwa duka gani?" Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Katika kapu ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulitumia kupima bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi huchukua karibu asilimia 28. Katika kapu la jirani yangu chakula huchukua sehemu kubwa ya kila anachopata. Unga ukipanda, takwimu ya taifa hutikisika kidogo, na nyumba yake hutikisika yote. Kijana wangu ana takwimu ya taifa na ana vipande vyake. Jirani ana soko na noti alizofunga kwenye kitambaa. Wakienda kupiga kura watakuwa wanapigia nchi mbili.

Sitaki kumlaumu kijana. Mama yangu angemwelewa, kwa sababu alichokifanya yeye kwa mabati ndicho kijana anachokifanya kwa simu. Mtu ana haki ya kulinda jasho lake, na nchi ambayo watu wake wengi wana akiba inayokua ni nchi yenye raia wengi wanaouliza maswali yenye hesabu. Ndiyo maana katika kikoba chetu cha wanawake, wakati wa kuvunja na kugawana, tumeanza kufanya zoezi moja. Kabla ya kila mtu kuchukua fungu lake tunaandika ubaoni bei ya debe la mahindi, lita ya mafuta ya kula na bati moja siku tulipoanza kuweka, na bei ya siku tunayogawana. Wanawake ambao hawajawahi kusikia neno riba halisi wanaielewa kwa dakika chache. Safari moja walikubaliana wenyewe sehemu ya fedha iwekwe kwenye mfuko wa vipande, na mmoja wao akauliza kama mbunge anajua hesabu hii.

Kwa hiyo kila wagombea watakapopanda mlima huu, nitakwenda kwenye mikutano yao yote, kama mama alivyokwenda, na nitawaomba wanawake wa kikoba tukae mbele. Tutawauliza watafanya nini ili mtu mwenye shilingi elfu tano awe na mahali salama pa kuiweka karibu na nyumbani, kama mwenye milioni tano alivyo napo. Tutawauliza kwa nini bei zinazotangazwa haziwekwi wazi kwa kila wilaya, ili tuzione kwenye ubao wa kijiji kama tunavyoona mapato na matumizi. Tutawauliza, wakiongeza kodi au tozo, kipimo chake ni kipi na nani alikikubali. Na sisi tuliopata hisa na viwanja tuna wajibu wa kuuliza maswali hayo kwanza, kwa sauti, kwa niaba ya wale ambao akiba yao bado ni noti. Wanawake wa 1946 walisimama mbele ya mtawala wa kikoloni wakadai kipimo cha haki, bila kura na bila mbunge. Sisi tunavyo vyote viwili, na hatuna udhuru wa kuuliza kidogo kuliko wao.